Methodi ya lumbesa

Leo naomba tuzungumze mambo ya kompyuta. Najua wapo ambao wakiona neno "programu" wanafunga ukurasa na kwenda kutafuta matokeo ya Simba na Yanga. Msikimbie. Humu ndani mna mahindi, mna magunia, na mna pesa za watu. Na kama wewe ni mwandishi wa habari kama mimi, mengi utakuta unayajua tayari kutoka chumba cha habari.

Tuanze na lumbesa. Kwa waliokulia mjini na wanaoliona gunia sokoni tu: lumbesa ni gunia lililojazwa mpaka mdomoni, halafu likaongezewa kichwa cha juu kwa kushonea kamba, likawa refu kuliko linavyotakiwa. Sheria yetu ya vipimo inataka kifungashio cha mazao kisizidi kilo 100. Mnunuzi anayetaka lumbesa analipa bei ya gunia moja lakini anaondoka na zaidi ya gunia. Mkulima anaumia, mbebaji anaumia mgongo, na ukimuuliza mtu yeyote humo ndani mna kilo ngapi hasa, hakuna anayejua.

Sasa kwenye uandishi wa programu kuna kitu kinachofanana kabisa na lumbesa. Kinaitwa methodi ndefu.

Methodi ni nini? Ni fungu la maelekezo lililopewa jina. Badala ya kuiambia kompyuta kila mara "menya kitunguu, katakata, weka mafuta, subiri yapate moto, tia kitunguu, koroga", unaandika hayo mara moja, unayapa jina "kaanga kitunguu", na baada ya hapo unaliita jina tu. Wataalamu wanatofautisha methodi na fanksheni kulingana na mahali fungu lenyewe lilipo. Mimi leo nitaita yote methodi, mtanisamehe. Na maandishi yenyewe ya programu nitayaita msimbo. Wapo wanaosema kodi, lakini kodi kwangu ni ya TRA na ya mwenye nyumba.

Methodi huanza ikiwa fupi. Ina mistari kumi, kazi moja, jina linaloeleweka. Kesho bosi anataka kitu kidogo kiongezwe. Unaongeza mistari mitano. Keshokutwa kingine. Mwaka ukiisha ina mistari 300, inasoma faili, inahesabu, inakagua tarehe, inachapisha jedwali, na jina lake bado ni lilelile la siku ya kwanza. Hakuna siku hata moja ambayo mtu aliamua kuandika methodi ya mistari 300. Kila mmoja alishona kamba kidogo tu juu ya gunia.

Jambo hili lina jina na lina historia. Mwaka 1992 William Opdyke aliandika tasnifu yake ya uzamivu katika University of Illinois kuhusu namna ya kuupanga upya msimbo bila kubadili kazi unayoifanya. Mwaka 1999 Martin Fowler, akisaidiwa na Opdyke huyohuyo pamoja na Kent Beck, John Brant na Don Roberts, akatoa kitabu kiitwacho Refactoring. Humo kuna orodha ya "harufu" zinazokuonyesha kwamba msimbo umeanza kuchacha, na methodi ndefu imo. Mfano wa kwanza wa kitabu hicho ni wa duka la kukodisha mikanda ya video. Toleo la pili la mwaka 2018 likaweka kikundi cha maigizo badala yake, maana maduka ya mikanda yalishakufa. Lakini katika matoleo yote mawili hadithi inaanza vilevile: kuna methodi moja inayohesabu deni la mteja, inayohesabu pointi zake, na inayomwandikia risiti, yote kwa pamoja.

Na wengine wamejaribu kuweka vipimo, kama sisi tulivyoweka kilo 100. Thomas McCabe mwaka 1976 alipendekeza tuhesabu panda za njia ndani ya msimbo, yaani kila mahali kompyuta inapoamua iende kushoto au kulia, akaweka kikomo cha 10. Gerard Holzmann wa JPL, maabara ya NASA inayorusha vyombo vya angani, aliandika kanuni kumi mwaka 2006, na moja inasema methodi isizidi kile kinachoweza kuchapwa kwenye karatasi moja, kama mistari 60 hivi. Mwongozo wa wanaoandika Linux unataka methodi ienee kwenye skrini moja au mbili, na skrini wanayoizungumzia ni ile ya zamani ya mistari 24.

Ukiangalia vizuri, karatasi na skrini havina uhusiano wowote na kompyuta. Kompyuta haichoki. Mistari 20 au 2,000 kwake ni sawa. Kinachopimwa hapo ni jicho la binadamu na kumbukumbu yake.

Nilikuwa nayasoma hayo kama mambo ya vitabuni mpaka mwaka 2019.

Wakati huo nilikuwa nafanya kazi kwenye gazeti moja ambalo sitalitaja. Kila wiki tulikuwa tunatoa jedwali la bei za mazao kutoka masoko mbalimbali. Waandishi wetu wa mikoani walituma bei kwa gunia, na programu ndogo iliyoandikwa kwa Python ilizisoma, ikazigeuza kuwa bei ya kilo moja, ikatengeneza jedwali la ukurasa wa biashara. Programu hiyo aliiandika kijana mmoja aliyekuwa na mkataba wa miezi sita. Mkataba ukaisha, akaenda kwingine. Akaja mwingine, akaongeza masoko machache, naye akaondoka. Baada ya hapo programu ikawa kama genereta la ofisi: kuna kitufe, unabonyeza, inawaka, na kila mtu anaomba isizime zamu yake.

Mwezi Julai simu ya meza ya biashara iliita, nikaipokea. Alikuwa mama mmoja wa Ruvuma.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Wewe ndiye unaandika bei za mahindi?"

Nikamwambia siyo mimi peke yangu, ila anaweza kunieleza. Akasema wanunuzi wamekuja kijijini kwao, na bei yao haifiki ile ya gazeti. Yeye na wenzake wakakataa kuuza kwa sababu gazeti linasema Songea bei iko juu. Wanunuzi wakaenda zao. Wiki tatu zikapita. Wakaja wengine, bei ileile ya chini. Na huku dumuzi ameshaingia kwenye magunia.

Halafu akauliza swali ambalo sikuwa na jibu lake. "Sasa mwanangu, hiyo bei mliyoiandika iko wapi? Nielekeze, niende nikauze huko."

Nikampigia mwandishi wetu wa Songea. Akanisomea namba alizotuma. Nikachukua kikokotoo. Namba zake zilikuwa sahihi, na jedwali letu halikuwa sahihi. Iringa ilikuwa sawa. Dodoma sawa. Arusha sawa. Lakini Njombe, Songea, Sumbawanga na Tabora zote zilikuwa juu, na zote zilikuwa juu kwa kiasi kilekile, kama asilimia 11.

Nikampelekea mhariri. Akaniambia, wewe si ndiye unajifunza hizo programu usiku, hebu itazame. Nikamwomba rafiki yangu mmoja aje kunisaidia. Ni mtu anayekula kwa kazi hii, na hapa nitamwita Fundi.

Tukafungua faili. Methodi moja. Mistari 412. Jina lake lilikuwa "anza". Ndani yake vitu viliitwa x, y, a2, na kingine kiliitwa hiki.

Mimi nilitaka tuanze kutafuta kosa hapohapo. Fundi akanizuia. "Mwandishi, usiguse kitu. Kwanza tuhakikishe tunajua inafanya nini leo, hata kama inachofanya ni kibaya." Tukachukua mafaili ya bei ya wiki 12 zilizopita, tukaipitisha programu kwenye kila moja, tukayahifadhi majedwali yote 12 kama yalivyotoka. Kila tukibadilisha kitu, tunayatengeneza majedwali upya na kuyalinganisha na yale tuliyohifadhi. Ikitofautiana hata nukta moja, tunarudi nyuma. Baadaye nilikuja kukuta kwamba Michael Feathers ameieleza njia hii kwenye kitabu chake cha mwaka 2004 kuhusu msimbo wa kurithi. Majaribio ya namna hii hayakuambii kwamba programu iko sahihi. Yanakuambia tu kwamba hujaivuruga zaidi.

Kisha tukaichapa kwenye karatasi. Zikatoka kurasa nane za A4. Tukatandika mezani, tukachukua penseli, tukaanza kusoma kama tunavyosoma habari ndefu iliyoletwa na mwandishi mchanga. Kila tulipofika mahali mada inapobadilika, tukapiga mstari na kuandika pembeni: hapa inasoma faili. Hapa inakagua tarehe. Hapa inapanga masoko kwa alfabeti. Hapa inageuza shilingi ya Kenya. Hapa inagawa kupata kilo. Hapa inachora jedwali.

Wahariri wenzangu mnaijua kazi hii. Habari ya maneno 2,000 isiyo na vichwa vidogo, unaikata, na kila kipande unakiandikia kichwa. Na mnajua pia siri yake: kipande usichoweza kukiandikia kichwa ni kipande ambacho mwandishi mwenyewe hakukielewa. Kwenye msimbo ni hivyohivyo. Ukishika mistari 30 na ukashindwa kuipa jina la maneno mawili matatu, tatizo haliko kwenye jina. Ama humo ndani kuna kazi mbili zilizochanganywa, ama bado hujaielewa.

Yale maandishi ya penseli ndiyo yaliyogeuka kuwa majina ya methodi mpya. Fundi akachukua kipande cha kwanza, akakitoa ndani ya ile methodi kubwa, akakipa jina soma_faili, na pale kilipokuwa akaacha jina tu. Tukaendesha majaribio. Majedwali 12, yote sawa. Akahifadhi kwenye Git. Kipande cha pili, kagua_tarehe. Majaribio. Sawa. Akahifadhi. Taratibu hivyo, kama mtu anayepunguza lumbesa kwa debe, huku akihesabu.

Tukafika kwenye kipande cha tatu, kile cha kugawa bei ya gunia kupata bei ya kilo moja. Na hapa ndugu msomaji naomba unisikilize vizuri, maana hili ndilo lililonifanya niandike.

Kipande kikikaa ndani ya methodi kubwa, kinaweza kuokota chochote kilichowekwa juu yake bila kumwambia mtu. Ni kama nyumba ya familia kubwa: sufuria liko jikoni, unalichukua, huulizi ni la nani na lilipikiwa nini mara ya mwisho. Lakini ukikitoa kipande kikajitegemee, lazima utamke kinahitaji nini ili kifanye kazi. Unaandika jina lake, na kwenye mabano unaorodhesha vitu anavyotakiwa kupewa. Sasa Fundi alipokitoa kile kipande, kikadai vitu viwili: bei, na x.

"x ni nini?" akauliza.

Hakuna aliyejua. Tukarudi kwenye karatasi. Mstari wa 9, ukurasa wa kwanza: x ni 100. Sawa, ni uzito wa gunia, kilo 100. Tukaendelea kushuka kwa kidole. Mstari wa 143, ukurasa wa tatu: kama soko liko Kenya, x ni 90. Hiyo nayo ni sahihi, maana wenzetu wa Kenya wanapima gunia la mahindi kwa kilo 90. Soko lenyewe lilikuwa Namanga upande wa pili wa mpaka, na liliongezwa mwezi Februari mwaka huohuo. Tukashuka tena. Mstari wa 318, ukurasa wa sita: bei gawanya kwa x.

Tukarudi juu kutafuta mahali ambapo x inarudishwa kuwa 100 baada ya Namanga. Hapakuwepo.

Programu ilikuwa inayapitia masoko kwa alfabeti. Arusha, Dodoma, Iringa: x ni 100, hesabu sahihi. Inafika Namanga, x inakuwa 90, hesabu sahihi. Inaendelea Njombe, Songea, Sumbawanga, Tabora, na x imebaki 90. Tutumie namba nyepesi: gunia likiwa shilingi 60,000, kilo ni shilingi 600. Ukigawa kwa 90 unapata 667. Hiyo ndiyo bei ambayo mama alikuwa anaitafuta aende akauze. Ilikuwa inapatikana mahali pamoja tu, ndani ya methodi yetu, kati ya mstari wa 143 na wa 318.

Nimefikiria sana ni nani wa kulaumiwa. Kijana wa kwanza aliandika x ni 100, na wakati anaandika ilikuwa kweli kila mahali. Wa pili aliandika 90 kwa Kenya, na alikuwa sahihi pia. Kila mstari ukiusoma peke yake hauna kosa. Kosa liko kwenye umbali kati yao. Kutoka wa 9 hadi wa 143, kutoka wa 143 hadi wa 318, hakuna skrini ya kuonyesha yote matatu kwa pamoja, na hakuna kichwa cha binadamu cha kuyabeba yote matatu huku kikisoma mengine yaliyo katikati. Wale wanaosema methodi fupi ni mambo ya urembo, ya watu wanaopenda msimbo mzuri wa kuangalia, wangekuja kumweleza mama yule.

Nilidhani tutalirekebisha kosa palepale. Fundi akakataa tena. Akasema kazi hii ina kofia mbili, na huwezi kuzivaa kwa pamoja. Mfano huu wa kofia mbili ni wa Kent Beck na uko kwenye kile kitabu cha Fowler. Kofia ya kwanza ni ya kupanga upya: umbo linabadilika, majibu hayabadiliki. Kofia ya pili ni ya kubadili majibu. Ukizichanganya, majedwali yakitofautiana hutajua kama umeponya au umejeruhi. Kwa hiyo toleo la wiki ile tulilihesabu kwa kikokotoo, na programu tukaendelea kuigawa ikiwa na kosa lake hadi mwisho. Ndipo tukabadilisha kofia. Na kosa lenyewe likatoka kwa mstari mmoja, maana uzito wa gunia sasa ulikuwa na methodi yake.

Sehemu kuu ilipokwisha ilikuwa hivi, kwa ufupi:

kwa kila soko katika masoko:
    bei = soma_bei(soko)
    bei = geuza_kuwa_shilingi_yetu(bei, soko)
    uzito = uzito_wa_gunia(soko)
    kilo = bei_ya_kilo(bei, uzito)
    andika_mstari(jedwali, soko, kilo)

Msomee mtu ambaye hajawahi kugusa kompyuta, ataelewa. Nilimsomea mhariri, akaelewa. Kisha akauliza swali ambalo nadhani kila fundi wa programu ameshaulizwa: "Kwa hiyo mmeongeza nini?" Wikiendi mbili za kazi, na jibu la kweli ni kwamba hatujaongeza kitu. Ukitoa lile kosa moja, programu ilifanya kilekile ilichokuwa inafanya. Ward Cunningham mwaka 1992 alilifananisha jambo hili na deni: msimbo ulioharakishwa ni mkopo, na usipoulipa utalipa riba kila unapougusa. Nikamweleza mhariri hivyo. Hakuridhika sana.

Aliridhika Novemba. Tulitakiwa kuongeza viazi mviringo, ambavyo magunia yake ni kichwa kingine cha habari. Aliyeviongeza ni mwanafunzi aliyekuja kwetu kwa mazoezi ya kazi. Alifungua uzito_wa_gunia, akaongeza mistari yake, akaendesha majaribio, akaenda kunywa chai. Hakumwuliza mtu yeyote.

Gazeti lilichapisha masahihisho, mistari minne, ukurasa wa ndani. Mama nilimpigia mwenyewe nikamweleza na kumwomba radhi kwa niaba ya ofisi. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Sawa mwanangu. Ila mahindi nimeshauza."

Sasa nisije nikawatuma mkaenda kukatakata kila kitu kama nyama ya mishikaki. Ugonjwa wa upande wa pili upo. Robert Martin katika kitabu chake cha mwaka 2008, Clean Code, anataka methodi ziwe fupi, kisha fupi zaidi ya hapo. Wapo wanaompinga, na wana hoja. John Ousterhout katika kitabu chake cha mwaka 2018 anasema urefu peke yake si sababu ya kugawa, na kwamba vipande vidogo mno vinaleta mzigo mwingine. John Carmack, aliyeandika michezo ya Doom na Quake, mwaka 2007 aliwaandikia wenzake kutetea msimbo uliokaa mahali pamoja ukisomeka kutoka juu kwenda chini, ili mtu aone kila kitu kinachotokea na kwa mpangilio gani.

Mimi nawaelewa. Umewahi kusoma habari yenye kichwa kidogo kila baada ya sentensi mbili? Inachosha. Kipande kibaya utakijua hivi: ukilisoma jina lake, bado unalazimika kukifungua ndani ndipo uelewe, kisha urudi, kisha ufungue kingine. Hapo hujapunguza mzigo, umeusambaza tu barabarani. Kipande kizuri unalisoma jina, unaliamini, unaendelea na safari.

Kwa hiyo kila kitu kinarudi kwenye jina. Na hapa niseme neno kwa vijana wenzangu mnaojifunza. Mmezoea kuandika majina kwa Kiingereza hata pale ambapo programu ni ya saccos ya kijijini kwenu na hakuna Mwingereza atakayeifungua. Ukiwa kwenye timu ya watu wa mataifa mbalimbali, sawa, Kiingereza ndiyo lugha ya kazi. Lakini unapofanya kazi na Waswahili wenzako, jaribuni. Kiswahili kimeumbwa kwa amri: soma, geuza, gawa, kagua, andika, tuma. Kila kitenzi kinakuja tayari kuwa jina la methodi. Sisi mle chumbani tulipoandika bei_ya_kilo, waandishi wa mikoani ambao hawajui programu waliweza kutuambia, "Hapana, hapo mmekosea, sisi viazi hatupimi hivyo." Kama ingekuwa x wangesemaje?

Na siku hizi kuna jipya. Programu za akili mnemba zinakuandikia methodi ya mistari 300 kabla hujamaliza chai. Zinaweza pia kuigawa ukiziomba. Vizuri. Lakini mwulize aliyeiomba: uzito wa gunia unaamuliwa wapi? Akishindwa kukuonyesha, tumerudi kulekule kwenye kubonyeza kitufe na kuomba Mungu. Kuandika kumekuwa rahisi, kusoma bado ni kazi yetu.

Basi kama una programu kazini kwako ambayo watu wanaiogopa, fanya hivi wikiendi hii. Hifadhi majibu yake ya leo. Ichape kwenye karatasi. Chukua penseli, na pembeni ya kila fungu andika kwa Kiswahili cha kawaida linafanya nini. Anza kutoa fungu moja tu, lile rahisi kuliko yote, na uangalie kama majibu yamebaki yaleyale. Likikudai kitu usichokijua, usikipuuze. Kifuate juu kwa kidole mpaka ukione kilikotoka.

Kazi kwenu, wadau. Wiki ijayo tukijaliwa nitaandika kuhusu waandishi wa mikoani na malipo yao, maana hilo nalo ni gunia lingine.